Motahomu ya dizeli ikichemsha mlimani, usikimbilie thamostati

Wenye motahomu, yaani hizi gari kubwa za kuishi ndani zenye injini ya dizeli huko nyuma, wana kilio kimoja kinachofanana. Gari kwenye tambarare inakwenda safi kabisa, mshale wa temprecha umetulia, afu mnaanza kupanda mlima mrefu na mshale nao unapanda, dakika chache tu alamu inalia. Mwenye gari anabadilisha thamostati (kile kivalvu kinachofunguka maji ya injini yakipata moto), tatizo linarudi. Anabadilisha pampu ya maji, linarudi. Anamwaga kulanti yote (yale maji yenye dawa ya kupozea injini) anaweka mpya, linarudi vilevile, na mimi mwenyewe nimepita humo humo kwa hiyo simcheki mtu. Kumbe muda wote huo uchafu umejificha mahali ambapo hakuna aliyechungulia.

Ili uelewe kwa nini, anza na hesabu ndogo. Dizeli unayochoma, kwa makadirio ya haraka tu, theluthi moja ndio inasukuma gari, theluthi inatoka na moshi, na theluthi nyingine inaingia kwenye maji ya injini kama joto. Hilo joto lazima litoke. Maji kazi yake ni kulibeba kutoka kwenye injini mpaka kwenye rejeta, basi, hapo yameishia. Anayelitoa nje ya gari ni upepo. Kwa hiyo mfumo una safari mbili, ya maji na ya upepo, na watu karibu wote wanahangaika na safari ya kwanza kwa sababu ndio ina vipuri vya kununua.

Sasa kwenye gari ya kawaida rejeta iko mbele, ukikimbia upepo unaipiga wenyewe. Motahomu injini iko nyuma, na nyingi rejeta nayo iko nyuma kabisa, inaangalia barabara uliyoiacha. Feni inachukua hewa kutoka chini ya gari, hewa ambayo imeshatembea chini ya bodi yote na kubeba vumbi la matairi, inaisukuma kwanza kwenye intakula (kile kipoza hewa ya turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa; kimefungwa kabla ya rejeta) afu inapita kwenye rejeta ndio inatokea nyuma. Ukisimama nyuma ya gari ukachungulia unaona vibati vya rejeta vinang'aa, unasema mbona safi. Hapo unaangalia mlango wa kutokea. Uchafu unabaki mlango wa kuingilia, upande wa feni, ambao umefunikwa na injini yenyewe.

Na sio vumbi peke yake. Injini ya dizeli ina bomba la kupumulia, linalotoa mvuke wa oili kutoka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kwenye gari nyingi hilo bomba linaishia chini hapo hapo mbele ya feni. Feni inavuta ule mvuke inaupaka kwenye intakula, vumbi likija linanata, mvuke mwingine juu yake, vumbi tena, mpaka linatengeneza kitu kama blanketi. Mara ya kwanza nilipofungua kile kifuniko cha chini ya kitanda (motahomu nyingi injini unaifikia kutokea chumbani, ndio, unakunja godoro), niliingiza kioo kidogo cha mkononi na tochi katikati ya feni na intakula nikaona kitu cheusi kimetanda chote, nikadhani ni mpira fulani wa kuzuia joto. Nikakwangua kwa bisibisi, kikachubuka kama ngozi ya ng'ombe, na nyuma yake ndio vibati vikaonekana. Karibu theluthi mbili ya sehemu ya kupitisha hewa ilikuwa imezibwa, na hapo nilikuwa nimeshabadilisha thamostati mara mbili.

Intakula ikizibwa unaumia mara mbili. Hewa iliyotoka kwenye turbo mlimani inaweza kupita nyuzi 150, isipopozwa injini inavuta hewa ya moto, nguvu inapungua, unakanyaga zaidi, joto linaongezeka. Na rejeta iliyo nyuma yake inapata upepo kidogo na wenye joto tayari. Ndio maana dalili ya kwanza kwa wengi huwa ni gari kuchoka mlimani, kuchemsha kunakuja baadaye.

Kabla ya kushika spana jiulize gari inachemsha lini, maana hilo swali peke yake linakupunguzia nusu ya kazi. Ikichemsha kwenye mlima tu na kwingine imetulia, kwa motahomu dau langu la kwanza ni uchafu wa nje. Ikichemsha hata tambarare ukiwa spidi kubwa bila mzigo wa mlima, hapo anza kuwaza maji: mirija ya rejeta imeziba kwa ndani, mpira wa maji wa chini ya rejeta unajibana pampu ikivuta, pampu imechoka. Ikichemsha ukiwa kwenye foleni au umesimama muda mrefu, tazama feni. Na ikichemsha ghafla tu siku moja bila historia, simama, maana hapo labda maji yamevuja au mkanda umekatika. Kingine, hakikisha geji yako haikudanganyi. Chukua kipima joto cha kumulika, ile bastola, pima kwenye nyumba ya thamostati ulinganishe na dashibodi. Bati linalong'aa linaidanganya hiyo bastola, kwa hiyo bandika kipande cha utepe mweusi ndio umulike hapo.

Kuna motahomu ambazo rejeta iko ubavuni. Hizo feni yake kwa kawaida inazungushwa na mota ya haidroliki au ya umeme kwa sababu haiko kwenye mstari wa injini. Zinavuta hewa ya pembeni kwa hiyo hazipakwi oili sana, uchafu wake ni majani, wadudu na vumbi kavu. Ila zina ugonjwa wao: oili ya haidroliki ikipungua, filta yake ikiziba, au kile kifaa kinachoiambia feni ikaze kikifa, feni inazunguka kivivu na rejeta safi kabisa inachemsha. Kwa hizo kabla ya kuosha chochote pima oili ya haidroliki na usikilize feni, injini ikipata moto lazima usikie imebadilisha sauti.

Haya, kuosha. Injini iwe imepoa na funguo mfukoni kwako, usiache mtu mwingine aweze kuwasha wakati mkono wako uko kwenye feni. Fungua kutokea ndani, tandika nailoni kila mahali maana maji yatarudi yakupige wewe, funika alteneta, sehemu za umeme na mdomo wa kuvutia hewa ya injini. Sabuni tumia ya kuondoa grisi iliyoandikwa ni salama kwa aluminiamu. Zile kali za kuunguza, zinazotumika kusafishia oveni, achana nazo kabisa, zinakula aluminiamu na vibati ni vyembamba kama karatasi. Puliza upande wa feni mpaka ilowe, acha kama dakika 20 bila kukauka, afu mwagia maji mengi ya presha ndogo. Hapa ndio wengi wanaharibu. Wanaleta mashine ya presha, wanapiga, vibati vyote vinalala upande mmoja, na kibati kilicholala kinazuia hewa kuliko hata ule uchafu. Mpira wa kawaida wa bustani unatosha, unachotaka ni wingi wa maji.

Rudia. Mzunguko wa kwanza maji yatatoka nyuma ya rejeta meusi kama oili chafu, wa pili kahawia, wa tatu au wa nne ndio yanaanza kueleweka. Usiishie kupiga maji kutokea nyuma peke yake ukadhani umemaliza, kwa sababu katikati ya intakula na rejeta kuna nafasi ndogo ambayo takataka zinakusanyika, na ukipiga upande mmoja unazisogeza tu. Piga mbele, piga nyuma, rudi mbele. Kipimo changu ni tochi: mtu mmoja amulike kutokea ndani usiku, mwingine asimame nyuma, mwanga upenye sawa sehemu zote. Pale ambapo ni giza bado kuna kazi. Kwa gari iliyokaa miaka mingi bila kuoshwa hii ni kazi ya siku nzima na mgongo utakuuma, lakini mimi ndio ilinimalizia ugonjwa wote.

Afu tibu chanzo. Lile bomba la kupumulia lirefushe kwa mpira unaohimili oili, ulipitishe chini mpaka mdomo wake uwe nyuma ya rejeta, lishuke muda wote lisiwe na mahali maji yanatuama, na usilibane. Angalia pia ile stiki ya kupimia oili, kuna gari stiki yake haijapimwa vizuri toka zamani na mtu anajaza mpaka alama ya juu kumbe amezidisha, injini inatema ziada yote kwenye bomba. Ukiona injini inapenda kukaa chini kidogo ya alama na haishuki tena, iache hapo.

Sasa twende ndani, kwenye maji. Kulanti watu wanaichukulia kama maji yenye rangi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kulanti nzito na maji, unazuia kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na unachemka kwenye kama nyuzi 106, lakini ukiwa na kifuniko cha rejeta cha psi 15 (kipimo cha presha) kinachoshika vizuri unafika karibu nyuzi 129 kabla ya kuchemka. Maana yake kile kifuniko kidogo ni sehemu ya mfumo wa kupoza. Springi yake ikilegea kulanti inaanza kuchemka mapema, inamwagika, unabaki na upungufu na hujui umetoka wapi. Ni kitu cha kwanza kubadilisha na ndio rahisi kuliko vyote. Na tafadhali usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya namna gani, ule mvuke hauna msalie mtume.

Halafu kuna kemikali ndani yake za kuzuia kutu, na hizi ndio zinaisha, kulanti yenyewe haiishi. Kwenye dizeli kubwa kuna jambo la ziada ambalo magari madogo hayana. Injini kama Cummins ISC na ISL zina laina (mabomba ya chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka) zinazoguswa na maji moja kwa moja. Kila mlipuko ndani ya silinda unaitikisa laina, mtikisiko unatengeneza vipovu vidogo upande wa maji, vipovu vikipasuka vinadonoa chuma kidogo kidogo, miaka ikipita unapata tundu kama la sindano na maji yanaingia kwenye oili. Kinga yake ni ile kemikali inayotengeneza utando juu ya laina. ISB ya lita 5.9 haina laina za namna hiyo, silinda zimetobolewa kwenye bloku yenyewe, kwa hiyo wasiwasi huo kwake ni mdogo. Kwa zile zenye laina na kulanti ya zamani ya kuongezewa dawa, vikaratasi vya kupimia ndio njia, unachovya unalinganisha rangi. Dawa ikipungua laina zinadonolewa, ikizidi inaganda inageuka ute unaoziba mirija, kwa hiyo usimimine kwa kubahatisha, na kama gari ina filta ya kulanti soma kwenye filta, nyingine tayari zina dawa ndani yake na ukiongeza ya chupa unazidisha. Kulanti za kisasa za muda mrefu haziongezewi hiyo dawa. Na rangi isikudanganye, hakuna sheria ya dunia nzima kwamba nyekundu ni hivi na kijani ni vile, kila kampuni inapaka inavyotaka. Soma chupa.

Kumwaga na kusuuza motahomu kuna ujanja wake kwa sababu ya urefu. Kuna mipira inayotoka injini nyuma mpaka hita ya dashibodi mbele, na mara nyingi mwingine unaenda kwenye tanki la maji ya moto ya kuogea. Gari nyingine jumla inapita lita 60. Ukifungua mpira wa chini wa rejeta peke yake utatoa sehemu tu, ya bloku na ya mipira mirefu inabaki. Kwa hiyo fungua na nati ya kwenye bloku, fungua valvu zote za hita, na andaa vyombo vya kutosha maana kulanti ni sumu, ina utamu fulani na mbwa wanailamba, isiachwe chini wala kumwagwa mtaroni.

Kama maji yaliyotoka ni ya kahawia yenye kutu au umeona ukoko mweupe kwenye mdomo wa rejeta, weka dawa ya kusafishia mfumo, ziko za asidi laini kwa ajili ya ukoko na kutu na ziko za sabuni kwa ajili ya oili, usichanganye mbili kwa mpigo. Endesha mpaka thamostati ifunguke (nyingi zinaanza kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi), maana isipofunguka dawa haifiki kwenye rejeta na unakuwa umesafisha injini tu. Mwaga, suuza kwa maji safi, washa tena, mwaga, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia.

Mwisho wa kusuuza kuna mtego niliuingia mwenyewe. Hata ukimwaga vipi kuna lita kadhaa za maji zinabaki ndani. Ukijaza kulanti iliyochanganywa tayari unapata mchanganyiko mwepesi kuliko ulioandikwa. Nunua ile nzito isiyochanganywa. Kama mfumo wote ni lita 70, weka lita 35 za nzito kwanza, afu malizia na maji yaliyotolewa madini, ukipima kwa refraktometa, kile kipimo cha uzito wa kulanti, utakuta umekaa kwenye nusu kwa nusu. Maji ya bomba yana chumvichumvi na hiyo ndio inakuja kuwa ukoko kesho. Jaza polepole, hewa ipate nafasi ya kutoka, ukimimina kwa pupa unaifungia hewa ndani afu mlimani geji inaruka juu chini na unadhani kitu kimekufa.

Thamostati niliisema vibaya mwanzoni ila nayo huwa inakufa kweli. Unaipima kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayopashwa, na kipima joto pembeni, unaona inaanza kufunguka kwenye namba ngapi. Usichokifanya ni kuitoa ukaacha wazi. Kwenye dizeli nyingi thamostati ikifunguka inaziba na ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo, na injini inachemsha zaidi kuliko ulipoanza.

Kuvuja kunatafutwa injini ikiwa baridi, kwa pampu ndogo ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa kifuniko, unapandisha presha mpaka ile iliyoandikwa kwenye kifuniko na unasubiri. Ikishuka, tembea na tochi. Pampu ya maji ina kitundu chini yake, kikitoa unyevu au alama ya ukoko, sili imeisha na pampu ndio inaaga. Mipira ibonyeze kwa vidole: iliyo ngumu inayolia na iliyo laini kama andazi zote zinatoka. Klipu za kawaida zinalegea mpira ukipoa, zile zenye springi zinafuata mpira ukitanuka na kusinyaa, kwa gari lenye mipira mirefu namna hii zinafaa zaidi. Dawa za kuzibia matundu za kumimina, mimi sizipendi, zinaziba tundu na zinaziba hita na filta pia, labda uwe umekwama na unataka kufika tu. Rejeta yenyewe ikipasuka, ya shaba inachomelewa kwa risasi, ya aluminiamu inahitaji fundi wa aluminiamu, na yenye matanki ya plastiki ikichanika plastiki inabadilishwa. Kabla ya kuirudisha angalia raba za chini inapokalia. Bodi ndefu inajipinda barabarani, raba zikifa ule msokoto wote unaenda kwenye rejeta na itapasuka tena palepale.

Kama maji yanapungua na hakuna tone chini, hapo ndio watu wanatamka gasketi ya hedi (ile ya kuziba kati ya bloku na kichwa cha injini) na kuanza kulia. Taratibu kwanza. Mapovu yasiyoisha kwenye tanki la kulanti yanaweza kuwa ya hedi kweli, ila gari yenye breki za upepo ina kompresa, na kompresa nyingi zinapozwa na kulanti hiyo hiyo. Gasketi ya kompresa ikitoboka inasukuma hewa kwenye maji na dalili inafanana kabisa. Tenga mabomba yake ya maji kwa jaribio fupi uone kama mapovu yanakoma, kabla hujafungua hedi. Injini za miaka ya 2000 kuja huku zenye kipoza moshi unaorudishwa ndani, kile kipoza nacho kinatoboka na kulanti inatoka kama moshi mweupe bila tone kuonekana chini. Ukikuta oili inaelea kwenye kulanti, mtuhumiwa wa kwanza ni kipoza oili, kwa sababu injini ikiwaka presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji. Na kama gia yako ni otomatiki kama Allison na kipoza chake kinapita kwenye kulanti, ukiona oili ya gia imekuwa kama maziwa usiendeshe hata kilomita moja, kulanti inaharibu gundi ya zile sahani za klachi za ndani.

Ukiwa njiani na mshale unapanda, shusha gia iwe nzito, punguza mafuta lakini mizunguko ya injini iwe juu, pampu inazunguka haraka na feni ya mkanda nayo inazunguka haraka. Washa hita ya ndani moto wa mwisho, utatokwa jasho ila ni rejeta ndogo ya bure. Ikigoma paki, na kama kulanti bado ipo acha injini ilale sailensa dakika kadhaa, usiizime ghafla ikiwa imechemka. Kama maji yamekwisha kabisa, zima palepale.

Baada ya kazi yote hii chora mstari wa kalamu ya wino kwenye tanki la kulanti injini ikiwa baridi, safiri, iache ilale usiku mzima, angalia asubuhi. Safari ya kwanza itashuka kidogo kwa sababu hewa iliyobaki inatoka, ongeza, chora tena. Ikifika safari ya tatu na mstari hausogei, rudisha godoro mahali pake.